Shamba la pamoja, tuta la kila kaya au viroba mlangoni: kikundi chenu kichague lipi?

Watu wa mtaa wakipata kieneo cha kulima, mazungumzo ya kwanza huwa ya mbegu. Mmoja anataka nyanya kwa sababu zina bei. Mwingine anasema mchicha haujawahi kumtupa mtu. Wa tatu amesikia kuna hoho zinazolipa. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo vya kutosha, na siku hizi nauliza swali moja kabla jembe halijashikwa: mboga zikishakomaa, ni nani mwenye ruhusa ya kuzichuma bila kumwomba mtu?

Majibu ni matatu, na kila jibu ni bustani ya aina yake. La kwanza: hakuna mwenye ruhusa hiyo peke yake. Ardhi ni moja, kazi ni ya wote, mavuno yanagawanywa au yanauzwa na fedha inaingia kwenye mfuko wa kikundi. Hilo ni shamba la pamoja. La pili: ndani ya uzio mmoja kila kaya ina tuta lake na inachuma ipendavyo. La tatu: shamba halipo kabisa. Kila mtu ana viroba vyake mlangoni au kibarazani, na kikundi kinakutana kwa ajili ya miche, mboji na kufundishana.

Naandika kutoka Dar es Salaam, kwenye mtaa wa wapangaji, ambako jirani mnayelima naye leo anaweza kuwa amehama mwisho wa mwezi. Ukiwa kijijini ambako watu wanajuana kwa koo, baadhi ya haya yatabadilika, na nitasema wapi.

| | Shamba la pamoja | Tuta la kila kaya | Viroba |
|---|---|---|---|
| Eneo | Kipande kimoja kikubwa, mpangilio mmoja | Kama mita za mraba 12 kwa kaya, ukiacha njia | Kibaraza au uchochoro unaopata jua |
| Fedha ya kuanzia | Nyingi | Ya kati, uzio na tanki ndivyo vinavyokula | Kidogo |
| Nani anamwagilia | Wa zamu | Mwenye tuta | Mwenye nyumba |
| Ugomvi wa kawaida | Zamu na mgawanyo | Maji, mipaka, dawa | Hakuna mkubwa, ila kikundi hufifia |
| Mwanachama akihama | Anadai sehemu yake | Tuta linarudi kwa kikundi | Anaondoka na viroba vyake au anamwachia jirani |
| Panapofaa zaidi | Shule, kituo, kikundi chenye mnunuzi | Kaya za mtaani | Pasipo na ardhi kabisa |

Jedwali hili linaonyesha umbo tu. Kinachoamua kiko ndani ya mistari michache, hasa ule wa nani anamwagilia.

Shamba la pamoja: linapendeza kwenye kikao

Kikundi chetu kilianza hivyo. Tulikuwa 22, tukapewa eneo nyuma ya nyumba ya ibada, tukakubaliana kukutana kila Jumamosi asubuhi. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha kweli. Watu walikuja na majembe yao, akina mama walichemsha chai, matuta yakanyooka kama yamepigwa kamba. Kufika mwezi wa nne tulikuwa tisa, kisha sita. Hao sita walianza kusema maneno makali juu ya wategeaji, na haki ilikuwa yao, maana walibeba maji ya watu 22.

Kilichotuvunja hasa hakikuwa kutegea. Tulikuwa tumepanga kuuza mchicha Jumamosi moja, mchuuzi ameshaambiwa. Asubuhi yake nusu ya matuta yalikuwa yamechumwa. Hatukuweza kumwita mtu mwizi, kwa kuwa kila mwanachama alikuwa mwenye mali. Huenda ni mmoja aliyechuma sana, huenda ni kumi waliochuma fungu mojamoja la mboga ya jioni. Kutojua huko ndiko kulikotuchosha. Mtu akishaona kuwa jasho lake linaishia kwenye sufuria asiyoijua, haji tena, na hakuna mwenyekiti mwenye maneno ya kumrudisha.

Wazee wetu waliliona hili kwa kiwango cha nchi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, vijiji vya ujamaa vilikuwa na shamba la kijiji na mashamba ya familia. Katika vijiji vingi watu waliamkia kwanza ya kwao, la kijiji likapata nguvu zilizobaki. Siwasemi wale wakulima kwa ubaya. Mtu mwenye watoto watano huanza na shamba ambalo ana uhakika litaingia ghalani kwake. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba palikuwepo pia mtindo ulioitwa bega kwa bega: shamba moja kubwa la kijiji, zao moja, lakini kila familia ina kipande chake kilichopimwa na inavuna chake. Kwangu mimi huo ndio mtindo unaostahili kufufuliwa mijini, na nitaurudia.

Je, shamba la pamoja halifai popote? Linafaa sana pale ambapo mlaji ni mmoja. Shuleni, mboga zote zinaingia kwenye sufuria moja ya chakula cha mchana, kwa hiyo hakuna cha kugawana. Vilevile kwenye kituo cha kulelea watoto au zahanati inayopikia wagonjwa. Linafaa pia kwa kikundi kidogo cha watu watano hadi wanane wanaoaminiana, chenye mnunuzi anayejulikana, tuseme hoteli au mama lishe wanaochukua kiasi kilekile kila wiki. Hapo mnunuzi ndiye anayewapangia kazi: Jumanne mafungu 40, Ijumaa mafungu 40, na mtegeaji anaonekana siku hiyohiyo.

Kwa shule kuna mtego mmoja ambao bustani nyingi hufia ndani yake, nao ni likizo. Mwezi wa sita na wa kumi na mbili wanafunzi hawapo, na jua la wiki mbili bila maji linamaliza mchicha wote. Ama muwe na mlinzi anayelipwa kumwagilia na kuruhusiwa kuchuma, ama mpange mimea kwa kalenda ya shule: mboga za majani zivunwe kabla shule haijafungwa, na sehemu kubwa ibaki na vitu vinavyovumilia, kama mihogo ambayo kisamvu chake mtakirudia, mipapai na milonge.

Na mkichagua shamba la pamoja, daftari ndilo shamba lenyewe. Aliyekuja ameandikwa, aliyechelewa ameandikwa, fungu lililotoka limeandikwa, na mavuno yanagawanywa kwa siku za kazi badala ya vichwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kama katika kikundi chenu hamna mtu mmoja ambaye yuko tayari kuandika kila siku bila kuchoka, msianze mtindo huu.

Tuta la kila kaya: ninalowashauri wengi

Baada ya mchicha ule kuchumwa tulikaa kikao kirefu, tukagawa eneo kwa mfano wa ule wa bega kwa bega. Matuta 16 yenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 10. Upana huo una sababu: ukichuchumaa njiani mkono unafika katikati ya tuta kutoka kila upande, kwa hiyo hakuna anayekanyaga udongo ulioshalainishwa. Tulipiga kura ya vikaratasi kugawa, ili asiwepo wa kusema mwenyekiti amejipa tuta la karibu na bomba.

Mabadiliko yalionekana mapema. Watu ambao hatukuwaona miezi miwili walifika saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mama mmoja aligawa tuta lake sehemu nne, akawa anapanda mchicha robo moja kila wiki. Kwa kuwa mchicha hung'olewa baada ya wiki tatu hadi nne tangu kumwagwa mbegu, alipofika robo ya nne ile ya kwanza ilikuwa tayari, na tangu hapo hakununua mboga. Kingoni aliweka matembele, ambayo ukiyakata yanachipua tena. Wengine walimwiga bila kufundishwa na mtu. Kwenye shamba la pamoja tungelijadili wazo hilo vikao vitatu.

Waingereza wana mtindo wa karibu na huu unaoendeshwa na serikali zao za mitaa, na sheria yao ya 1908 bado inatajwa hadi leo. Kipande chao cha kawaida ni kama mita za mraba 250. Kwetu hicho ni kikubwa mno kwa mtu anayebeba maji kwa ndoo. Anzeni na 12, na mwenye nguvu ataomba tuta la pili likiwa wazi.

Sasa hasara zake, maana zipo. Tuta lililoachwa linakuwa shamba la magugu na wadudu kwa majirani wote. Mwenye nyanya asiyeng'oa mashina makavu anafuga kantangaze, yule mdudu aliyeingia Tanzania miaka ya 2010, na nyanya za wenzake ndizo zinazoliwa. Mmoja anapuliza dawa kali jioni, mwenzake wa tuta la pili anachuma alfajiri na kupeleka mboga kwa watoto, wakati kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna. Njia hazina mwenyewe, zinajaa nyasi. Uzio ukibomoka kila mtu anamtazama mwenzake.

Hapa ndipo niliposhawishika kuwa kugawa kila kitu ni kosa sawa na kutogawa chochote. Tazama Uchaggani, Kilimanjaro. Kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, ni cha familia, na asiye wa familia hathubutu kukata mkungu humo. Lakini mfongo unaoshusha maji kutoka mlimani ni wa wote wanaoutumia. Unasafishwa na wote, maji yanakwenda kwa zamu, na asiyekuja kwenye kazi hutozwa au hukosa maji. Ndizi za mtu binafsi zimestawi karne nyingi juu ya maji ya jumuiya. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyeshiriki tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza watu wanaotumia kwa pamoja maji, misitu na bahari, na aliyoyaona kwenye jumuiya zinazodumu yanafanana na hayo: mipaka inajulikana, kanuni zinatungwa na watumiaji wenyewe, na adhabu inaanza ndogo kisha inapanda.

Basi kwenye bustani yetu mavuno ni ya kila kaya, lakini vitu vinne havikugawanywa: maji, uzio na njia, rundo la mboji, na kitalu cha miche. Hivyo vina siku yake, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa mbili tu. Kanuni ya tuta lililoachwa tuliiandika kwenye katiba kwa maneno ambayo hayahitaji hakimu. Wiki mbili bila palizi, unapigiwa simu. Wiki nne, unatoa faini ndogo. Wiki sita bila taarifa, tuta linapewa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Mgonjwa, mfiwa na aliyejifungua hawahesabiwi, wenzake wanamshikia tuta. Dawa za viwandani haziruhusiwi bila kutangaza kwenye kundi la WhatsApp na kuchomeka kijiti chenye kitambaa chekundu kwenye tuta hadi siku za kusubiri ziishe.

Kijijini, ambako kila mtu ana shamba lake tayari, huenda matuta haya yasiwe na maana. Mtu hatembei nusu saa kwenda kwenye mita 12 wakati ana eka mbili nyumbani. Huko kinachowaunganisha watu mara nyingi ni shamba darasa au kitalu, kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukiendesha.

Viroba: msividharau

Kibera, Nairobi, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilipanda bei na watu hawakuwa na ardhi hata ya kuchomeka mti. Mwaka 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités International lilianza kufundisha kaya kulima kwenye magunia. Sukuma wiki, spinachi na vitunguu vya majani vikaota mlangoni.

Ufundi wenyewe ni mwepesi. Changanya udongo na samadi iliyooza. Weka kopo lisilo na kitako katikati ya kiroba na ulijaze kokoto. Jaza udongo pembeni, kisha vuta kopo juu na urudie mpaka kiroba kijae. Nguzo ile ya kokoto ndiyo inayoshusha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni kwa kupishanisha, panda miche ubavuni na juu. Sukuma wiki ikishika, unachuma majani ya chini kwa miezi.

Kiroba kimoja hakilishi familia, viwe vitatu au vinne. Viroba vya plastiki huchakaa kwa jua, hivyo mtabadilisha. Lakini kwa mzee asiyeweza kutembea mpaka bustanini, kwa mama mwenye mtoto mchanga, na kwa mpangaji ambaye hana uhakika na mwezi ujao, naona hakuna mtindo unaomheshimu zaidi.

Udhaifu uko kwenye kikundi. Mtu akishajua kutengeneza kiroba, kesho anawahitaji wenzake kwa nini? Wengi hukutana mara tatu kisha kimya. Tiba yake ni kuwa na kitu cha pamoja ambacho mtu peke yake hakiwezi, na kizuri kuliko vyote ni kitalu cha miche. Watu wanarudi kila wiki tano au sita kuchukua miche, na hapo ndipo habari za wadudu, za ada na za mgonjwa zinaposemwa.

Fanyeni hesabu ya maji kabla ya kugawa ardhi

Kiangazi, mboga za majani zinahitaji kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta la mita 12 linataka lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Madumu matatu kila siku kwa mtu mmoja ni kazi, lakini inawezekana, hasa ukigawa asubuhi na jioni. Matuta 16 ni lita 960. Simtanki la lita 5,000 lililojaa linakwisha siku ya sita asubuhi. Kama maji ya bomba yanatoka mara moja kwa wiki, mmeshakwama kabla ya kuanza, na dawa ni kupunguza matuta.

Paa linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Milimita moja ya mvua juu ya mita ya mraba moja ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita 20 lina lita 2,000, toa kidogo kwa yanayomwagika. Ila mvua za Dar zinakuja masika na vuli, na tanki halihifadhi ya Mei mpaka Septemba. Hesabuni paa kama msaada, chanzo kikuu kiwe kingine.

Kisima nacho kionjwe. Pwani visima vingi vina chumvi. Maharage, karoti na vitunguu huumia upesi kwa maji ya chumvi. Spinachi huvumilia zaidi, na mchicha nao si mwepesi kukata tamaa. Wenye kisima cha chumvi wasibishane na maji yao kwa kupanda maharage.

Kwa kulinganisha: shamba la pamoja linaweza kumlipa mtu mmoja kuvuta mpira, na hilo ni jambo kubwa. Matuta yanahitaji zamu ya bomba, na zamu ikivunjwa ugomvi unaanza asubuhi hiyohiyo. Tulichofanya sisi ni kuweka pipa katikati: mpira unajaza pipa tu, kila mtu anachota kwa keni yake. Mpira hauingii kwenye tuta la mtu. Tangu hapo kelele za bombani zimepungua sana. Viroba vinaishi kwa maji ya kuoshea mchele na mboga, na siku nyingi hayo karibu yanatosha.

Ardhi ya nani?

Hapa sitazunguka. Bustani nyingi za mjini hazifi kwa wadudu, zinakufa siku mwenye eneo anapokuja na ramani. Los Angeles, Marekani, palikuwa na bustani ya eka 14 iliyoanzishwa baada ya ghasia za 1992, familia kama 350 zikilima mahindi, maboga na dawa za miti shamba za kwao. Juni 2006 walitolewa na polisi, ikapitishwa tingatinga. Familia zilikuwa na miaka zaidi ya kumi ya jasho pale, na miti iliyokwishakuzaa.

Dar watu wanalima chini ya nyaya kubwa za umeme, kando ya barabara na reli, kwenye viwanja visivyojengwa na mabondeni. Bonde la Msimbazi lina rutuba na maji, na ndiyo sababu watu wanalipenda, lakini mto ule unapokea maji machafu ya viwandani na majumbani, vipimo vimekuta metali nzito kwenye mboga zake, na mafuriko yakija hayaachi tuta. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Sitampeleka mtu kuanzisha bustani ya jumuiya huko, hata akinionyesha mchicha mweusi wa kupendeza.

Ninapoweza kuchagua, naweka mbele eneo la shule, msikiti au kanisa, kwa sababu lina mwenyewe anayejulikana na uzio wa kuanzia. Kisha kiwanja cha mtu binafsi ambaye hajajenga. Vyovyote iwavyo, pateni barua. Iseme ni miaka mingapi, nani analipa maji, na kikubwa, kwamba eneo likitakiwa mtapewa muda wa kuvuna, miezi mitatu kwa uchache. Nakala moja kwa mtendaji wa mtaa. Mwenye kiwanja mwema huwa haogopi karatasi, na anayekataa kuandika ameshawaambia jambo.

Kisha muda mliopewa ndio uchague mtindo. Mwaka mmoja au pungufu: viroba, au matuta yenye mboga za muda mfupi tu, bila kujenga chochote. Miaka mitatu na zaidi: matuta, mboji, tanki, mipapai pembezoni. Kuzamisha fedha ya uzio wa seng'enge kwenye eneo la miezi sita ni kumjengea mwenye kiwanja.

Fedha, kwa ufupi

Ada ndogo kwa mwezi inayolipwa kwa simu na kuonekana na wote ni bora kuliko mchango mkubwa wa mara moja. Kwa wanaoifikiria mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, mjue kwa kawaida inakwenda kwa kikundi kilichosajiliwa chenye mradi wa kikundi. Matuta ya kaya ni mboga za nyumbani, marejesho yake hayaonekani. Shamba la pamoja linaeleweka kwa urahisi zaidi mezani kwao, na kitalu cha miche ya kuuza kinaeleweka pia. Ushauri wangu ni kwamba mlime mwaka mzima bila mkopo kwanza. Deni la pamoja juu ya watu ambao hawajazoeana limevunja urafiki mwingi kuliko ukame.

Mwanze lini

Vikundi vingi huanza Machi, masika ikinyesha. Ardhi ni laini, mbegu zinaota zenyewe, watu 30 wanaandikisha majina. Mvua ndiyo inayomwagilia, kwa hiyo kila mtu anaonekana mchapakazi, na matuta yanagawanywa kwa watu ambao bado hamjawajua. Julai ikifika, madumu matatu kwa siku yanawatenganisha, na nusu ya matuta yako mikononi mwa wasiokuja.

Sisi tulipofungua eneo letu la pili tulianza Juni, masika yameisha. Tulitengeneza matuta sita tu na rundo la mboji, tukatangaza kwamba mengine yatachimbwa watu wakiongezeka. Walikuja 11, wakalima wawiliwawili. Septemba, jua likiwa kali na vuli bado haijagusa, walikuwa wamebaki wanane, na hao wanane ndio tuliowapa matuta yao, tukachimba mawili ya kuongeza kabla ya mvua za Oktoba.